Shangazi Apima Kaburi

Shangazi, mwalimu wa udongo wa maeneo oevu, hashiki udongo bila kuulowesha, kuuviringisha kwa vidole na kuunusa. Ndivyo alivyofanya hata kwenye kaburi la kaka yake lililokuwa likichimbwa.

"Shangazi, hata msibani unafundisha?" binti wa marehemu alinong'ona.

"Tazama, mwanangu. Udongo wa kijivu, wenye madoa ya kutu. Ni alama kwamba masika maji hufika hapa. Nimlaze baba yako majini?"

Wachimbaji wakahamia juu ya mteremko, wakinung'unika. Binti alistaajabu. Pale pa kwanza yeye aliona vumbi tupu, kumbe Mungu ameandika humo maji ya miaka mingi, na shangazi anayasoma.

Kule juu udongo ulitoka wa kahawia mpaka chini.

"Hapa atalala pakavu," shangazi akasema. Ndipo akaketi chini akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie.