Zinia Mbele ya Mlango

Nilichagua zinia kwa sababu tulikuwa wapangaji, na sikutaka mmea wa kungojewa miaka. Unazipanda mvua zikianza, baada ya miezi miwili zinachanua, kisha zinakufa na kukuachia mbegu. Uwanja wetu pale Kasongo ulikuwa hatua nne tu kutoka barazani hadi njiani. Nyekundu ndefu niliziweka karibu na ukuta, za njano fupi mbele, mbegu mbili kila shimo.

Mume wangu alikuwa akiendesha pikipiki, anapeleka watu na mizigo Salamabila. Aliondoka asubuhi ile ile niliyofukia mbegu. Alisema atarudi baada ya siku nne.

Siku ya tano miche ikatoka. Simu yake haikupatikana. Siku ya saba wachuuzi waliotoka kule walisema risasi zimelia njiani, na yeye hawakumwona.

Mama mkwe, mzaliwa wa upande wa Wamaza, alikuwa akiishi nasi. Jioni hiyo alisimama juu ya miche yangu.

"Ni nini hii ulipanda?"

"Maua, Mama."

"Kwetu maua iko ya kaburini. Bibi hapandi maua mbele ya mulango na bwana yake iko njiani."

Kusema kweli, niliogopa. Ulikuwa wakati wa kupunguza miche, kung'oa mmoja katika kila shimo ili mwingine upate nafasi, lakini wiki ile mkono wangu ulikataa kung'oa kitu chochote chenye uhai.

Siku ya kumi na mbili niliamka nikakuta safu yote ya mbele imelala chini, mizizi juu. Mama mkwe alikuwa jikoni anatwanga sombe, majani ya mihogo.

"Mama, ni nani aling'oa?"

"Ni mimi." Hakuacha kutwanga. "Nilizika bwana, nilizika watoto wawili. Huyu ndiye nilibakia naye. Ukitaka kunichukia, unichukie."

"Hata kwangu, yeye ni bwana yangu. Ungeniuliza kwanza."

"Ungekubali?"

Nilitoka, nikachagua miche ambayo mizizi yake ilikuwa bado na unyevu, nikairudisha ardhini na kuifunika kwa majani ya mgomba. Mchi ulinyamaza. Nilijua ananitazama kutoka mlangoni, nikaendelea kupanda. Hakunizuia.

Siku ya kumi na tano, saa sita mchana, mume wangu aliingia kwa miguu. Pikipiki ilichukuliwa na watu wenye silaha. Yeye na wengine waliokamatwa walibebeshwa mizigo porini mpaka mvua kubwa ilipowapa nafasi ya kukimbia. Miguu ilikuwa imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Nilichemsha maji, mama yake akamwosha. Tulifanya kazi hiyo bega kwa bega.

Alilala siku mbili. Alipoweza kukaa barazani, aliitazama bustani.

"Mbona hii safu ya mbele ilinyauka hivi, na zile za nyuma ziko nzuri?"

Nilimwangalia mama yake. Naye aliniangalia.

"Mbuzi," akasema.

"Ndiyo," nikasema, "mbuzi wa jirani."

Kesho yake mume wangu alienda kukata mianzi ya uzio wa kuzuia mbuzi, anachechemea, na sisi wawili tukamwacha aujenge.