Safari Isiyo na Msiba

Miaka yote ya ndoa yetu mimi na mke wangu tumesafiri sana, na kila tulikofika tulikuta turubai limefungwa uani. Mahenge, Kilosa, hadi Songea, kote tulikwenda kuzika. Mwaka huu, mpunga ulipokwisha kuingia maguniani, mama watoto akasema, "Nataka kwenda mahali ambako hakuna aliyekufa."

Mahali penyewe alikuwa ameshapachagua: ile hifadhi ya milima kando ya Ziwa Tanganyika, mahali palipotulia, watu wanakokwenda kulala kwenye mahema. Mimi ni mtu wa kununa, na uzee umeniongezea. Nikamwambia, treni mpaka Mbeya, mabasi, halafu boti, yote hayo ili tukalale chini?

"Kwani msibani huwa unalala wapi?" akaniuliza.

Mwanamke huyu akipanga jambo, utapenda. Hema la mtumba alilisimamisha uani kwetu, hapa Viwanja Sitini, Ifakara, akalimwagia ndoo ya maji huku mimi nimo ndani. Likavuja. Akalishona, akaniingiza tena! Mchele wa Mofu, dagaa, sufuria moja, chandarua, vyote alivibeba mgongoni hadi barabarani na kurudi, aone kama ataviweza. Majirani walipoona mabegi wakaanza kuingia na nyuso za huzuni.

"Poleni jamani. Nani tena?"

"Hakuna. Tunakwenda ziwani, kulala kwenye hema."

"Ala! Mna shamba huko?"

Maana kwetu, anayeacha kitanda chake akalale porini ni yule anayelinda mpunga.

Tatizo lilikuwa dada wa mke wangu, anayeishi Katindiuka, ndiye aliyemlea. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na daktari alishatuambia tujiandae. Siku ya treni ilipokaribia, nikamkuta mke wangu anatoa vitu kwenye begi, kimoja kimoja. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Mimi niliyekuwa napinga safari, sasa nilitaka aende kuliko kitu chochote. Nikamwambia twende kwanza tukamwone dada.

Tulimkuta kitandani, ameegemea mito.

"Shikamoo dada," mke wangu akasema, akapiga goti.

"Marahaba. Mbona uso huo?"

"Hatuendi tena. Ukizidiwa je?"

"Nikizidiwa, wanangu wapo. Nikifa, nitawasubiri. Maiti hana haraka, mdogo wangu. Wenye haraka ni wanaotaka wali wa msibani."

Tukacheka, naye akacheka mpaka akakohoa. Alipotulia akawa mkali. "Mimi nimezika watu tangu nikiwa msichana. Sijawahi kwenda mahali kutazama tu. Wewe nenda. Na hizo simu mzizime. Mkiziacha wazi mtakuwa mmekaa huko ziwani mnangoja nife. Shemeji, umenisikia?"

"Nimesikia, dada," nikasema. Nilimheshimu sana siku ile, na nilimwonea huruma sana.

Treni ilipoanza kuondoka Ifakara, mke wangu alitoa simu, akaishika kwa mikono miwili, machozi yakimtoka waziwazi mbele za watu. Kisha akaizima.

Nami nikazima yangu.