Sindano za Fundi wa Piano

Fundi wa piano hakuwa na haraka, na hilo ndilo lililomtia mjane shaka. Aliichomoa safu ya nyundo zinazogonga nyuzi katika piano ya marehemu mume wa mjane huyo, akaipakata, akaanza kuidunga sufu ngumu iliyovikwa vichwa vya nyundo kwa sindano tatu zilizokazwa kwenye mpini mmoja. Alidunga, akabonyeza kwa kidole gumba, akainamisha kichwa kama anayenong'onezwa umbea, akadunga tena.

"Fundi, unatengeneza au unatoboa?"

"Vyote viwili, mama. Sufu ikikakamaa, piano inafoka. Nailegeza."

"Na ukizidisha?"

"Sauti inakufa, hairudi tena." Alisema hivyo kwa upole mno, kama mtu anayezungumzia mali ya mwingine. Mjane hakubandua macho kwake. Ya mumewe yote yalikwisha, ilibaki sauti hiyo ya piano. Aligeuka mara moja tu, kufunga dirisha.

"Mama," fundi akaita, "sindano moja imevunjikia ndani."

Fundi angenyamaza, mjane asingejua kamwe. Fundi akaivuta ncha kwa koleo, taratibu, akamwekea kiganjani. Mjane akamshukuru kwa ukweli wake, kisha akavuta kiti, akaketi karibu zaidi, macho yake kwenye sindano mbili zilizobaki.