Kasongo: Rachida afinyanga mtungi kuokoa Nyumba ya Vitu

Saa mbili asubuhi, Rachida Djamali anafungua mlango wa nyumba ya marehemu baba yake mjini Kasongo, anatandika mkeka barazani, kisha anaingia ndani kuamsha vitu vyake. Ndivyo anavyosema mwenyewe, kuamsha. Anapangusa kiti cha kuchongwa cha kabila la Walega, anazungusha gurudumu la cherehani ya mkono, anagonga mara moja kengele ya shule iliyofungwa zamani. Majirani wakiisikia hujua kwamba Mama Rachida yuko salama.

Leo wageni wamewahi. Louise, mwalimu anayetoka Kindu kwenda Kabambare na wanawe wawili kwa likizo, amekwama kwa sababu pikipiki iliyowabeba imekatika mnyororo. Blaise, dereva wao, hakutaka watoto washinde kwa fundi wakijipaka grisi, akawaleta hapa.

"Tunaweza kushika?" anauliza binti mkubwa, mikono ameificha nyuma.

"Shikeni," anajibu Rachida. "Humu ndani, asiyeshika ndiye ninamukasirikia."

Haipiti dakika kumi, mdogo anatwanga kinu kitupu kwa nguvu zote na dada yake anapiga makasia hewani. Louise, aliyeingia na uso wa mtu aliyepoteza siku, amekaa kwenye kigoda anacheka.

Rachida ana umri wa miaka hamsini na minne. Mahali hapa watu hupaita Nyumba ya Vitu, na ni vyumba viwili tu vya mbele. Ndani mna vitu arobaini vya familia ishirini na tatu, Waislamu wa mjini na Wakristo wa mashambani, kuanzia mbao za kuandikia za chuo cha Kurani hadi migono ya kuvulia samaki. Hakuna kioo wala kamba ya kumzuia mtu.

Hakuna pia kitu alichonunua. Ukiacha vichache vya baba yake, vyote ameazimwa, na mwenye kitu akipata harusi au matanga huja kukichukua, kikatumike, kisha kirudi. Mahali pake Rachida huweka karatasi. Leo buli kubwa la shaba halipo, na karatasi yake inasema: "Niko harusini Nyangwe. Nitarudi Jumatatu."

"Wageni wanapenda hizi karatasi kuliko vitu," anasema. "Mutu akisoma kama buli iko harusini, anajua iko nzima, haijakufa."

Kazi hii aliianza bila kuipanga. Miaka minane iliyopita daraja moja lilikatika, na familia iliyokuwa safarini ikalala kwake siku tatu. Watoto watano, mvua nje, hakuna cha kuchezea. Rachida akafungua sanduku la baba yake, akawatolea vitu kimoja kimoja na hadithi zake. Walipoondoka, madereva wa pikipiki wakaanza kumletea kila msafiri mwenye watoto.

Mtu mzima hulipa franka elfu moja, mtoto haulizwi kitu. Wiki ikiwa nzuri hupata watu wazima thelathini. Nyingine hapati hata watano, na vitumbua anavyokaanga alfajiri ndivyo vinavyomlisha. Hata hivyo hajawahi kufikiria kuacha. Anawapenda watoto wa watu kwa namna inayoonekana wazi usoni, hana haja ya kuisema.

Mwezi wa tatu mwaka huu, nusura mapenzi hayo yamkoseshe Nyumba ya Vitu.

Kitu kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa mtungi wa maji uliotoka Kabambare. Watoto waliingiza uso kwenye mdomo wake, wakaita majina yao, wakasikia sauti ikirudi nzito kama ya mtu mkubwa. Msichana wa miaka mitano aliukumbatia ili aite vizuri. Mtungi ukateleza kwenye kata yake, ile pete ya majani iliyoukalisha, ukaanguka.

Mama wa mtoto alilia kuliko mtoto. Rachida aliwatuliza wote wawili kwa vitumbua, akawasindikiza hadi njiani, akarudi ndani na kufunga mlango mchana kweupe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minane.

"Nilikaa chini nikaokota vigae," anasema. "Kumi na saba. Nikasema, Rachida, leo umekwisha."

Hakuwa anatia chumvi. Mtungi ule ulifinyangwa na mama mzazi wa Régina, na Régina ni mkulima wa kabila la Wabangubangu mwenye miaka sabini na nane. Régina ndiye aliyewashawishi majirani zake wa Kabambare wamwazime vitu mwanamke wa mjini wasiyemjua. Vitu tisa vilikuja kwa neno lake. Akigeuza neno, vitaondoka vyote tisa, na familia za Kasongo nazo zitauliza kwa nini vyao vibaki mahali vinapovunjwa.

Blaise, kabla ya kurudi kwa fundi, anakumbuka ushauri aliompa. "Nilimwambia, Mama, weka karatasi tu. Andika mutungi uko harusini."

"Harusi gani ya miezi mitatu?" Rachida anamkatiza, na wote wawili wanacheka, ingawa wakati ule hakuna aliyecheka.

Mwezi wa sita, njia ilipokauka, alivifunga vigae kwenye kitenge, akavipakata, akapanda pikipiki ya Blaise. Waliondoka alfajiri, wakafika Kabambare jua linazama. "Kiuno hakikuwa changu tena," anasema. "Lakini roho ndiyo iliuma zaidi."

Régina alikuwa anachambua mpunga mlangoni. Rachida alipiga magoti, akafungua kitenge, akaeleza yote bila kuficha. Bibi yule aliokota kigae kimoja, akakigeuza.

"Na mutoto?" aliuliza. "Aliumia?"

"Hapana, Mama. Hata mukwaruzo."

"Basi acha kulia. Kula kwanza."

Rachida alidhani mambo yameishia hapo. Asubuhi yake ndipo alipopewa masharti.

"Sitaki pesa yako," Régina alimwambia. "Utanifinyangia mutungi ingine. Wewe mwenyewe, na mikono yako. Uniletee mbele ya mvua kukata njia. Ukishindwa, vitu vyetu vyote virudi hapa."

Rachida alijitetea. Yeye ni mtu wa mjini, ukoo wao ni wafanyabiashara toka zamani, mtungi kwao ni kitu cha kununua sokoni. Kwa nini asiagizwe mwingine, hata kati ya wajukuu?

"Wajukuu wanateka maji na bidoni za plastiki," Régina alijibu. "Nilingoja muda murefu mutoto wa nyumba aniulize hii kazi. Hakuna aliyeuliza. Umekuja wewe na vigae. Sasa nikukatae wewe, nimungoje nani?"

Ilibidi Rachida abaki kwa bibi huyo siku sita. Alifundishwa kuchimba udongo, kuukanyaga, kuupanga duara juu ya duara na kuulainisha kwa kipande cha kibuyu. Lakini kabla ya yote alipewa mchi, akaambiwa atwange vile vigae viwe unga. Udongo mtupu, alielezwa, hupasuka motoni. Unga wa chombo cha zamani ndio unaoushika.

Rachida aliuweka mchi chini. "Nilimwambia, Mama, hii ni kazi ya mama yako."

"Ndiyo, mwana wangu," Régina alisema. "Na ndani ya mutungi wake mulikuwa vigae vya bibi yangu. Twanga."

Akatwanga huku machozi yanamtoka. Hata leo akilisimulia hilo anapangusa macho, anasingizia moshi wa vitumbua.

Alirudi Kasongo na unga huo ndani ya kopo la maziwa. Mtungi wa kwanza ulipasuka motoni kwa kishindo kilichomwamsha jirani aliyejilaza mchana. Wa pili ulipata ufa kivulini kabla hata ya kuchomwa. Wa tatu ulisimama, lakini kwa kuegemea upande, na maji yalivuja yote kabla ya adhuhuri. Kila ulioharibika aliutwanga tena, akaurudisha kwenye udongo. Wateja wake wa vitumbua wakapata la kusema: "Mufinyanzi, leo umepasua ngapi?"

"Nilikuwa nawajibu, subirini, nitawafinyanga na ninyi," anasema.

Wa nne aliuchoma Jumapili. Uko barazani sasa, umejaa maji tangu juzi. Chini yake ametandaza majivu makavu ili aone tone likianguka. Leo ni siku ya tatu na majivu hayajaloa. Si mzuri, na yeye wa kwanza kulisema hilo: shingo ni nene na tumbo limezidi upande mmoja. Lakini Rachida anaupitia kila baada ya muda, anaupapasa kama mtoto mwenye homa iliyoshuka.

Anamwaga maji yake, na wana wa Louise wanatambua mara moja faida ya mtungi. Mdogo anaingiza uso, anaita jina lake. Rachida ameshika kanga yake mdomoni, macho yamemtoka, lakini hamkatazi.

Alhamisi ataupakata mtungi aupeleke Kabambare. Anatumaini Régina ataukagua, ataucheka shingo, kisha atamwambia aurudishe Kasongo watoto waendelee kuitia majina humo. Akikubaliwa hivyo, kuanzia likizo ijayo anataka kuchimba udongo wa kutosha, kila mtoto wa msafiri aketi barazani afinyange cha kwake wakati pikipiki inatengenezwa.

Blaise anarudi, mikono myeusi kwa grisi, mnyororo umeshafungwa. Anautazama mtungi, kisha anaitazama njia ya Kabambare, ambayo anayajua mashimo yake yote.

"Na ukivunjika huko njiani, Mama Rachida?"

Rachida anageuza mikono yake, anaangalia udongo uliokauka kwenye kucha.

"Basi nitafinyanga ingine," anasema. "Sasa ninajua."