Pua ya Sellah na Matangi Makuukuu ya Kitale

Saa mbili kasorobo asubuhi, baridi ya Kitale bado haijaondoka, na trekta la jirani linanguruma mbele ya kibanda cha Levi Sifuna. Gurudumu lake la nyuma limeinuliwa kwa jeki. Kwenye gurudumu hilo limefungwa tangi la mafuta la Peugeot 404, likazungushiwa blanketi kuukuu, na ndani yake mna kokoto na maji ya sabuni. Gurudumu linazunguka polepole. Kelele za kokoto zinawafanya wapita njia wazibe masikio.

"Kutu ya miaka hamsini huwezi kuitoa na kitambaa," anasema Levi, mwenye umri wa miaka 58.

Mzaliwa huyu wa Sirisia, Kaunti ya Bungoma, ameifanya kazi hii kwa miaka thelathini na mmoja. Anatoa kutu ndani ya matangi ya magari ya zamani, anaziba matundu kwa kuyachoma kwa moto wa gesi, kisha anapaka dawa ndani ili kutu isirudi. Wateja humjia kutoka Saboti, Kapsokwony na hata Bungoma mjini.

Tangi la leo ni la Pauline Wekoye, mwalimu wa Bungoma, aliyeachiwa gari hilo na marehemu baba yake.

"Baba alituzungusha nalo shule zote alizofundisha," Pauline aliliambia gazeti hili kwa simu. "Siwezi kukubali lioze hapo bomani nikiliangalia."

Sasa, msomaji, jua hili: fundi wa matangi anaishi kwa pua. Tangi linaweza kuoshwa mara tatu, likaanikwa juani kutwa, na bado mvuke wa petroli ukabaki kwenye maungio. Moto ukiligusa, linalipuka. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, sharti fundi afumbe macho, aweke pua kwenye mdomo wa tangi na avute pumzi polepole hadi ahesabu ishirini. Akisikia petroli, hata kidogo, siku hiyo hakuna moto.

Pua ya Levi ilikufa zamani, na mwenyewe hajui ni lini.

"Harufu haikuagi, bana. Inaenda kidogo kidogo," anasema. "Mimi nilidhani ati matangi ya siku hizi yanakauka haraka."

Alijua miaka minne iliyopita. Alinusa tangi la Land Rover, akahesabu ishirini, akamwambia mwenzake, Ngige, achome. Tangi lilipasuka. Ngige alipoteza jicho la kulia, na leo anauza viazi.

"Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana," anasema Levi.

Tangu siku hiyo anayenusa ni mkewe, Sellah, aliyeacha kuuza mboga sokoni ili kuja kibandani. Asiponusa, hakuna kazi.

"Mwanzoni nilikuwa natapika. Kichwa kinauma mpaka jioni," anasema Sellah. "Lakini si ni bwanangu? Ningefanya nini?"

Kipo kifaa cha kupima mvuke huo, na Levi anakijua. Aliambiwa bei yake inapita shilingi elfu thelathini. Tangi moja humpa elfu kumi na mbili, nusu yake ikiishia kwenye dawa ya kupaka, na mwezi mzuri ni ule wa matangi mawili. Ukimtajia kifaa hicho anacheka, lakini hana furaha.

Saa nne trekta linazimwa. Kokoto zinamwagwa pamoja na maji mekundu ya kutu, tangi linaoshwa kwa maji ya moto mara tatu na kuanikwa. Saa tisa Pauline anawasili kutoka Bungoma kuona kazi ilipofikia.

Sellah anapiga magoti, anafumba macho. Midomo yake inahesabu.

"Choma, Baba Khisa. Iko sawa."

Levi anachukua bomba la gesi na kupapasa mfukoni akitafuta kiberiti. Pauline naye anainama achungulie ndani ya tangi la babake, na papo hapo anaruka nyuma.

"Ngoja! Fundi, ngoja! Si hii bado inanuka petroli?"

Mwandishi wa makala haya ananusa pia. Harufu ipo, tena kali.

Sellah anarudi kwenye tangi, ananusa kwa muda mrefu zaidi. Kisha anachukua kitambaa kilicholowa petroli, anakibana puani. Anakaa chini juu ya blanketi.

"Sisikii kitu," anasema. "Kumbe ndio maana Jumapili maharagwe yaliungua nikiwa nimekaa hapo hapo kando. Nilijua tu moshi uliponiwasha macho."

Levi anaweka bomba chini.

"Yangu, haya, ilikufa kazini," anasema. "Lakini ya Mama Khisa nimeiua mimi."

Halafu anamgeukia Pauline.

"Mwalimu, kupaka dawa nitakupakia. Kuchoma, tafuta mtu mwingine. Mimi na moto tumemalizana."

Je, ana mpango gani sasa? Ana nusu ekari Sirisia, lakini anasema ya mwaka ujao hayajui. Anayoyajua ni ya leo. Wawili hao wanaishi chumba kimoja nyuma ya kibanda, na humo wanapikia mtungi wa gesi.

"Ikivuja tukiwa tumelala, nani ataisikia?" anauliza Levi.

Anaokota spana na kuelekea nyumbani kuufungua mtungi kutoka kwenye jiko na kuutoa nje. Sellah anamwuliza watapikia nini chai ya jioni.

"Nitanunua makaa," anajibu.