Nimechora maegesho juu ya kaburi la babu

Jamani, leo nimemliza bibi yangu kwa penseli.

Wiki ijayo naanza studio ya mwisho, yale mazoezi ya kuchora ramani, kwenye mipango miji chuoni. Nikaja kijijini Kwihara kumwonyesha bibi, aliyenilea, ramani niliyoichora nikiwa Dar: kijiji chetu kikiwa na barabara pana na maegesho ya mabasi ya watalii.

Nikaitandaza mkekani. Bibi akaacha kumenya karanga, akafuta mikono. Alivyofurahi sasa!

"Kwangu ni wapi hapa?"

Nikafuata barabara kwa kidole, kanisa, kisima...

Kidole kikaishia kwenye maegesho.

Nilikuwa natafuta tu sehemu tambarare karibu na barabara. Nyumba yake nimeifuta. Na kaburi la babu nyuma ya jiko, ninalolifagia tangu utotoni, nimelimwagia lami.

"Babu yako tumpeleke wapi?"

"Bibi, haya ni mazoezi tu. Hakuna atakayejenga."

"Hata kwenye mazoezi, mjukuu wangu, hukutukumbuka?"

Akarudi kwenye karanga zake. Machozi yanatoka, hayafuti.

Ramani nimeichana. Bibi bado anamenya karanga.

Nyie mngemwambia nini?