Neno Lililokuwa Mgongoni Mwangu

Tangu nimzike mke wangu navaa nguo nyeusi tu. Juzi nilinunua fulana nyeusi ya mtumba pale Mchikichini, ina neno la Kizungu mgongoni. Muuzaji aliniapia kwamba ni neno la heshima. Kiingereza sikijui, nikaivaa kwenda Kariakoo kutafuta sufuria ya pilau ya arobaini ya marehemu.

Kwenye duka la vyombo, mama mmoja akanifuata. "Shikamoo baba. Chupa za chai ziko wapi?" Nikamwonyesha. Akaja mwingine, na mwingine. Moyo ukanilainika, nikadhani wameuona msiba usoni mwangu, wanataka kunichangamsha. Wa nne akauliza kama sufuria aliyoshika ni imara. Nikamwambia ukweli: "Nyepesi hii, mwanangu. Itaunguza wali."

Mwenye duka akanijia mbio. "Mzee, nani kakuajiri uje kunifukuzia wateja?"

"Mimi nimefiwa tu," nikajibu.

Msichana wa kaunta akanigeuza, akasoma kwa sauti: "Staff! Yaani mfanyakazi wa hapa!"

Duka zima likaangua kicheko. Marehemu angekuwepo, angecheka kuliko wote. Nami nikacheka, ila ile sufuria sikuinunua.